Kupima rutuba ya shamba: majina ya wazee na karatasi ya maabara

Maabara haioni shamba lako. Inaona nusu kilo ya udongo ndani ya mfuko, na majibu yake ni ya mfuko huo tu. Mtu mwenye eka tatu na udongo wa aina tatu akichota huku na kule, akachanganya vyote kwenye ndoo moja, ataletewa pH (kipimo cha asidi) na fosforasi ya udongo ambao haupo popote shambani mwake. Kisha ananunua mbolea kwa kufuata karatasi hiyo, sehemu moja inapata mno, nyingine inapunjwa, na msimu ukiisha lawama zinaiangukia mbolea.

Wanaojua kuzigawa eka hizo tatu ni wale waliozilima. Wana majina ya kila kipande. Wasichoweza kuona ni asidi na fosforasi, kwa sababu hazionekani kwa jicho la mtu yeyote. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye majina, inapitia mikononi, ndipo inafika maabara. Majina tunayotumia hapa ni ya Kiganda kwa sababu ndiyo yaliyoandikwa na kupimwa zaidi, ila ukiwa kwingine Uganda, kama Kasese, Masindi, Lira au Busia, fuata njia hiyohiyo kwa majina ya kwenu.

Hatua ya 1: Kusanya majina

Tafuta watu wawili watatu waliolima hapo zaidi ya miaka 15. Angalau mmoja awe mama. Wanaume huwa na habari nyingi za kahawa, lakini anayekumbuka maharage yalianza kudumaa wapi, na mwaka gani, mara nyingi ni mama. Usimuulize mtu kama udongo wake una rutuba. Atajibu ndiyo au hapana na utabaki pale pale. Uliza hivi, mkiwa mnatembea shambani na si mkiwa mmekaa barazani:

– Jjajja (babu au bibi), hapa mnapaitaje? Na pale chini?
– Zamani hapa mlipanda nini ambacho siku hizi hampandi tena?
– Mvua ikinyesha, wapi jembe linanata, na wapi mnalima siku hiyohiyo?
– Jua likiwaka wiki mbili, mahindi yananyauka wapi kwanza?
– Palikuwa na zizi, nyumba, kichuguu au tanuri la mkaa mahali gani?

Swali la pili lina uzito kuliko yote. Mahali palipokuwa na migomba, pakaja kupandwa mahindi na maharage, na sasa pana mihogo na viazi vitamu peke yake, historia ya udongo imeshasimuliwa: kila zao lilihama lilipokosa chakula, na muhogo ukabaki kwa sababu unavumilia asidi na njaa. Swali la mwisho litakuokoa kwenye hatua ya 5, maana zizi lililohamishwa miaka 10 iliyopita bado linaweza kupotosha sampuli nzima.

Majina utakayoyasikia Buganda ni haya. *Liddugavu* ni udongo mweusi, wenye mboji, unaopendwa kwa matooke na kahawa. *Limyufumyufu* ni mwekundu, mzito kidogo, unaovumilia mazao mengi ukitunzwa. *Lusenyu* ni kichanga. *Luyinjayinja* una kokoto na mawe. *Bbumba* ni mfinyanzi wa wafinyanzi wenyewe. Halafu kuna *lunnyu*, mabaka magumu yasiyoota kitu cha maana, ambayo mtu anayapita bila kuyalima ingawa hatua tano pembeni migomba imesimama vizuri.

Andika majina kama yalivyotamkwa. Usiyatafsiri kwanza. Ukiandika "udongo mbaya" badala ya lunnyu umeshapoteza habari.

Hatua ya 2: Chora mteremko

Chukua karatasi moja, uchore kilima kwa ubavu: kileleni, mgongoni, chini ya mteremko, bondeni. Weka kila jina mahali pake. Katika vilima vinavyozunguka Ziwa Victoria utakuta mpangilio unaorudiarudia. Juu kuna maramu na udongo mfupi wenye mawe, katikati mwekundu wenye kina, chini kabisa kichanga au wa kijivu, kisha mafunjo na maji. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Tanganyika, aliupa mpangilio wa namna hii jina la *catena*, neno la Kilatini la mnyororo, na jina hilo sasa linatumika duniani kote. Mkulima wa hapa alikuwa anapanda kwa kuufuata tangu zamani.

Kwenye mchoro huo weka pia nyumba na jiko. Migomba ya nyuma ya jiko huwa na mikungu mikubwa kuliko ya mbali, kwenye udongo wenye jina lilelile, kwa sababu jivu, maganda na maji ya vyombo yamekuwa yakimwagwa pale kila siku. Hivyo jina moja linaweza kugawanyika mara mbili: liddugavu ya karibu na liddugavu ya mbali. Zihesabu kuwa vipande viwili.

Hatua ya 3: Uhakikishe kwa mkono

Chimba shimo la kina cha nusu mita kwenye kila kipande, ukuta mmoja uwe wima na uliolainishwa kwa panga. Angalia vitu vitatu.

*Kina cha weusi.* Pima kwa rula. Sentimita 10 za udongo mweusi juu ya wekundu si sawa na sentimita 35, hata kama juu unaona rangi ileile.

*Mizizi.* Ikiwa inashuka halafu kwenye sentimita 15 hadi 20 inapinda na kwenda kando, pana tabaka gumu lililotengenezwa na jembe lile lile kupiga kina kile kile kila msimu. Mbolea haitalivunja. Kinachohitajika ni kulimwa kwa kina zaidi au kupandwa mazao ya mizizi mirefu kama mbaazi.

*Nyungunyungu.* Kata mchemraba wa sentimita 20 kila upande wakati udongo una unyevu, uuvunje juu ya gunia, uhesabu. Idadi yenyewe haina maana kubwa. Linganisha vipande vyako. Penye 12 na pasipo hata mmoja hapalishwi sawa.

Kisha jaribu utepe. Chukua udongo unaojaa kiganja, toa mawe na mizizi, tia maji kidogo kidogo huku ukikanda mpaka uwe kama unga wa chapati. Usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke utepe. Usiposhikamana hata kuwa donge, ni kichanga. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5 ni tifutifu. Ukifika kati ya 2.5 na 5 ni tifutifu yenye mfinyanzi mwingi. Ukipita 5 bila kukatika ni mfinyanzi.

Hapa ndipo udongo mwekundu unapowadanganya hata wasomi. Oksidi za chuma zinauganda mfinyanzi kuwa punje ndogo ngumu, ukiugusa unasema ni kichanga. Ukande dakika tatu kamili, uendelee hata baada ya kudhani umemaliza. Punje zinavunjika, unaanza kunata, na utepe unarefuka mbele ya macho yako. Anayekanda nusu dakika ataandika "kichanga" kwenye udongo wenye mfinyanzi zaidi ya nusu, na kila hesabu ya chokaa itakayofuata itakuwa ndogo mno.

Hatua ya 4: Soma magugu na majani

Magugu ni mashahidi, lakini shahidi mmoja hatoshi. Tazama ni gugu gani limetawala kipande kizima, tena likiwa na afya. Kafumbe, ssere (kishona nguo), nanda lenye ua la buluu, mchicha pori na mnavu vikiota vinene na kijani kibichi, naitrojeni na mboji zipo. Lumbugu, nyasi ile ya mizizi mirefu myeupe inayotambaa, ikishatawala, au nyasi za etteete na lusenke zikianza kushika, udongo umechoka au uliachwa ukaungua mara nyingi. Kiduha, ambacho wengi wa upande wa Busia na Tororo wanakiita kayongo, ndicho kishahidi kikali zaidi: kinanyonya mizizi ya mahindi, mtama na wimbi, na kinastawi penye naitrojeni kidogo.

Ssere peke yake isikudanganye. Inaota pia penye njaa, ila inakuwa fupi, na majani yake yanakuwa na rangi ya zambarau. Hali ya gugu ina habari kuliko jina lake.

Majani ya mahindi yana lugha yake. Njano inayoanzia kwenye ncha ya jani la chini na kuingia katikati kama herufi V ni njaa ya naitrojeni. Kingo za majani ya chini kuungua, katikati kukibaki kijani, ni potasiamu. Zambarau kwenye majani ya mche mchanga ni fosforasi, lakini kule Kabale na sehemu nyingine za baridi mche unaweza kuwa zambarau kwa sababu ya baridi tu, na mbegu nyingine zina rangi hiyo kwa asili. Subiri wiki mbili uone kama inapotea. Mistari myeupe kwenye majani machanga ya juu ni zinki.

Kwenye migomba kuwa mwangalifu zaidi. Mgomba wenye majani ya njano unaweza kuwa na kiwotoka, ugonjwa wa bakteria uliogunduliwa Uganda mwaka 2001 upande wa Mukono. Kata shina: ukiona usaha wa njano ukitoka, au ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zina madoa ya kahawia, hiyo si habari ya rutuba. Choma panga kwenye moto kabla hujagusa mgomba mwingine. Samadi hapo ni hasara tupu.

Hatua ya 5: Chukua sampuli, jina kwa jina

Wakati mzuri ni Januari na Februari, au Julai na Agosti, kabla ya mvua, na angalau miezi mitatu baada ya kuweka mbolea. Kaskazini kwenye msimu mmoja mrefu, fanya kabla ya Aprili. Unahitaji koleo safi, ndoo ya plastiki, kavera (mifuko ya plastiki) mbili kwa kila sampuli na penseli. Ndoo ya bati iliyopakwa zinki usiitumie, itaongeza zinki kwenye majibu. Gunia lililobeba DAP, mbolea ya fosforasi na naitrojeni, usiliguse kabisa, hata kama limepigwa vumbi na kufuliwa. Punje moja inatosha kuharibu kipimo cha fosforasi.

Tembea kwa kupindapinda ndani ya kipande cha jina moja, usivuke mpaka wake. Simama mahali 15 hadi 20. Kila mahali ondoa majani ya juu bila kuuparua udongo, chimba shimo la umbo la V la sentimita 20, kata kipande chembamba cha unene wa vidole viwili kutoka juu hadi chini, kisha bakiza ukanda wa katikati tu na uutie kwenye ndoo. Kosa la kawaida ni kuchota kwa jembe: jembe linachukua mengi ya juu na machache ya chini, na juu ndiko kwenye mboji, hivyo shamba linaonekana tajiri kuliko lilivyo. Kwa kahawa na migomba chukua ndoo ya pili ya sentimita 20 hadi 40.

Ruka kichuguu, zizi la zamani, njia ya miguu, chini ya mti, mahali takataka zilipochomwa, na mita tano za mwanzo kutoka barabara ya vumbi.

Ukimaliza, vunja mabonge, changanya, umwage kwenye kavera safi iliyotandazwa. Gawa mafungu manne kwa msalaba, tupa mawili yanayotazamana, changanya yaliyobaki, rudia mpaka ibaki nusu kilo. Ukaushe kivulini siku mbili tatu. Juani au jikoni usiuweke. Andika kwa penseli: jina la udongo kwa lugha ya kwenu, mahali kwenye mteremko, kina, zao la mwisho na zao linalokuja, mbolea ya mwisho na tarehe. Karatasi hiyo ikae katikati ya kavera mbili, isiguse udongo, kwani unyevu utaifuta.

Maabara za taifa za utafiti wa kilimo ziko Kawanda, kwenye barabara ya Bombo, na Chuo Kikuu cha Makerere kina maabara yake ya udongo. Uliza bei kwa kila kipimo kabla ya kupeleka. Fedha zikiwa chache, omba pH, mboji, fosforasi na potasiamu. Zinki na wenzake wasubiri. Na kama unaweza kulipia sampuli moja tu, peleka ya kipande kinachowasumbua, wala usichanganye ili "upate ya wote".

Hatua ya 6: Soma karatasi ukiwa na mchoro mkononi

Anza na pH. Kwa udongo wa Uganda, mpaka uliozoeleka ni 5.2, chini ya hapo alumini inaanza kuyeyuka na kuunguza mizizi, na maharage ndiyo yanayolia kwanza. Kumbuka kwamba ngazi za pH zinaruka mara kumi: 5 ina asidi mara kumi ya 6. Angalia pia ilipimwa ndani ya nini. Iliyopimwa kwenye kloridi ya kalisi huwa ndogo kwa nusu hadi moja kuliko ya majini, na aliyesahau hilo huishia kununua chokaa asiyoihitaji.

Mboji, mpaka ni asilimia 3. Hapa pana mtego: maabara nyingine huandika kaboni badala ya mboji. Zidisha kaboni kwa 1.72 upate mboji. Kaboni 1.8 ni mboji 3.1, umepita, mboji 1.8 ni udongo unaoomba msaada.

Fosforasi haina mpaka mmoja, kwa sababu kila njia ya kuipima ina kipimo chake. Tumia mpaka ulioandikwa na maabara yenyewe, usilinganishe na karatasi ya jirani iliyotoka kwingine.

Sasa weka majibu kwenye mchoro, jina kwa jina, utafute palipo na ugomvi. Panapokubaliana hapana kazi. Ugomvi wa kwanza unaotokea sana ni liddugavu yenye pH nzuri na mboji nyingi lakini potasiamu ndogo. Mzee anasema bado udongo ni mzuri, na rangi inamuunga mkono, lakini mikungu imekuwa ikipakiwa kwenye lori kwenda Kampala miaka 30. Potasiamu ya shamba hilo sasa iko kwenye marundo ya maganda ya soko la Kalerwe. Weusi haukupungua, kwa hiyo jicho halikuona.

Ugomvi wa pili ni weusi wa moto. Shamba lililochomwa linatoa mavuno mazuri msimu wa kwanza kwa sababu jivu limeacha kalisi na potasiamu na kupunguza asidi, lakini naitrojeni na salfa zimepanda na moshi. Ukisugua udongo kwenye kiganja na ukaacha chembe za mkaa, rangi hiyo si mboji.

Ugomvi wa tatu ni wa lunnyu. Jina hilo linakaribiana sana na *munnyu*, chumvi, na wengi wanaamini ardhi imeingiwa na chumvi. Karatasi mara nyingi inaonyesha asidi kali na upungufu wa kalisi, potasiamu na fosforasi. Alama mkulima aliiona sawasawa, palipokosewa ni sababu. Na sababu ndiyo inayochagua dawa, kwani chumvi huoshwa kwa maji mengi, ambayo kwenye udongo wa asidi yangezidi kuondoa kalisi kidogo iliyobaki.

Hatua ya 7: Dawa kwa kila jina

*Liddugavu* inayopoteza potasiamu: rudisha maganda, majani na mashina ya migomba shambani, yatandazwe, yakae umbali wa nusu mita kutoka shinani ili yasikaribishe fukusi. Jivu la jikoni liende migomba ya mbali, maana ya karibu imeshiba. Pakihitajika zaidi, kloridi ya potasiamu ina asilimia 60 ya K₂O, yaani potasiamu kama inavyoandikwa kwenye mifuko.

*Limyufumyufu* ina tabia ya kushika fosforasi na kutoiachia, kwa sababu ya chuma. Ukitawanya DAP juu yake umeilisha ardhi, mmea haujapata. Iweke shimoni. Kwa mahindi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, eka ina mashimo karibu 9,000. Mfuko wa kilo 50 wa DAP unatoa gramu 5.5 kwa shimo, ambazo ni takriban kizibo kimoja cha soda kilichojaa. Funika kwa udongo wa vidole viwili kabla ya mbegu, la sivyo mbegu inaungua na utasema mbegu ilikuwa feki. Yurea, mfuko mmoja kwa eka, iende mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu, ifukiwe. Iliyoachwa juu ya udongo bila kufukiwa inapotea hewani kama amonia.

Mfuko huo wa DAP una naitrojeni kilo 9 na P₂O₅ kilo 23, yaani fosforasi halisi kilo 10. Linganisha na samadi: tani moja ya samadi kavu ya ng'ombe iliyotunzwa vizuri ina naitrojeni kilo 12 hivi. Mfuko wa yurea una 23. Hivyo anayesema samadi inatosha peke yake ahesabu kwanza ana ng'ombe wangapi, na anayesema mbolea ya dukani inatosha aangalie mboji yake ikiwa chini ya 3. Samadi iliyoachwa juani na mvuani uwanjani haifiki hata kilo hizo 12. Iwekwe shimoni au ifunikwe kwa majani ya migomba.

Kimyula, alizeti pori ya mipakani, inasifiwa sana na inastahili: majani makavu yana naitrojeni karibu asilimia 3.5 na potasiamu 4. Lakini majani mabichi ni maji kwa takriban asilimia 80, hivyo kilo 100 ulizokata na kubeba mgongoni zinaleta naitrojeni gramu 700. Itumie kwenye sukuma, nyanya na miche, kwenye eneo dogo. Na fosforasi haiumbi. Inaihamisha kutoka mpakani kwako, au kwa jirani.

*Lusenyu* haishiki chakula. Gawa yurea mara mbili au tatu. Kichuguu kilichohamwa na mchwa kivunjwe na kutandazwa hapa, wazee wanafanya hivyo na wako sahihi: mchwa huleta mfinyanzi kutoka chini, pamoja na kalisi na potasiamu, na mfinyanzi ndicho lusenyu inachokosa.

*Luyinjayinja* iachie miti, malisho na nanasi. Fedha ya mbolea ipeleke mteremko wa chini.

*Lunnyu*, pH ikiwa chini ya 5.2: chokaa ya kilimo iliyosagwa laini, kwa kawaida nusu tani hadi tani moja kwa eka, kadiri mfinyanzi unavyozidi ndivyo inavyoongezeka. Chokaa ya kupaka nyumba usiitumie, inaunguza. Tawanya siku isiyo na upepo, changanya hadi sentimita 15, subiri wiki tatu na mvua kabla ya kupanda. Chokaa au jivu lisikutane na samadi mbichi, yurea wala DAP siku moja. Harufu kali utakayoisikia ni naitrojeni yako ikiondoka. Chai isiwekewe chokaa, inapenda asidi. Viazi mviringo navyo vikiwekewa nyingi vinapata ukurutu.

Kabla hujafungua mkoba dukani, nunua mfuko ulioshonwa na kiwanda, si kilo zilizopimwa kutoka gunia wazi. Yurea nzuri inayeyuka yote kwenye glasi ya maji na glasi inakuwa baridi mkononi. Mchanga ukibaki chini, umeibiwa. DAP ukiisaga na jivu lililoloweshwa kidogo lazima itoe harufu ya amonia.

Hatua ya 8: Jaribio la viwanja vinne

Karatasi inakuambia kilichopungua. Kama fedha yako itarudi, kipande chenyewe ndicho kitakachosema. Kwenye kila jina pima viwanja vinne vya mita 6 kwa 6, pembeni mwa njia ambapo kila mtu anaona. Kila kiwanja kinachukua mistari 8 ya mashimo 10 ya mahindi.

Cha kwanza hakipati kitu. Cha pili samadi kavu kilo 18, sawa na tani 2 kwa eka. Cha tatu DAP gramu 445 wakati wa kupanda na yurea gramu 445 magotini. Cha nne samadi kilo 9 na nusu ya kila mbolea. Mbegu moja, siku moja ya kupanda, palizi siku moja. Mtu asipewe "kiwanja chake" cha kutunza, atakipendelea.

Siku ya kuvuna acha mstari mmoja kila upande na shimo moja kila mwisho. Vuna mashimo 48 ya katikati, kausha, pukuchua, pima. Zidisha kilo ulizopata kwa 187 upate kilo kwa eka.

Kiwanja cha tatu kikishinda cha kwanza kwa mbali, udongo huo unaitikia, nunua. Cha nne kikishinda cha tatu, ambalo hutokea sana mboji ikiwa chini ya 3, nusu ya fedha ya mbolea ihamie kwenye kubeba samadi. Vyote vinne vikilingana kwa uhafifu, usiongeze mbolea msimu ujao ukidhani ilikuwa ndogo. Udongo huo umekwisha kiasi kwamba hauitikii. Uangalie kwanza pH na tabaka gumu, kisha upande maharage ya mukuna au lablab msimu mzima, uyakate yakitoa maua, uyaache hapohapo. Rudia jaribio baada ya misimu miwili kwenye viwanja vilevile, kwa hiyo vigingi vya pembeni visiwe vya mti ambao mchwa wataula.